Ukurasa Mmoja Ulioleta Kasheshe

Machi 2003 kampuni ya vitabu ya Doubleday, huko Marekani, ilitoa riwaya iitwayo The Da Vinci Code. Mwandishi wake, Dan Brown, alikuwa ameshatoa riwaya tatu kabla ya hiyo na wala hazikutikisa mtu. Hii ya nne ikalipuka. Kufikia mwaka 2009 nakala kiasi cha milioni 80 zilikuwa zimeuzwa, katika lugha zaidi ya 40, na wachungaji, mapadre, maaskofu na hata makardinali wakawa wanaitaja hadharani kama vile ni nabii mpya wa uongo aliyeingia mjini.

Niseme mapema ili tusije tukakosana: siandiki insha hii kwa kuwa riwaya yenyewe ni nzuri. Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu wa chini, pale wanapopanga mitumba ya vitabu juu ya turubai, nikaimaliza kwa siku mbili. Inakimbia, hilo siwezi kulikataa. Kila sura inakwisha mtu akiwa ananing'inia. Lakini wahusika wake hawazungumzi, wanahutubiana. Profesa anaanza kueleza historia polisi wakiwa nyuma yake na bunduki, na bado anapata nafasi ya kumaliza mhadhara. Hata hivyo kasheshe iliyofuata inatuhusu sana sisi tunaojifunza kuandika, kwa sababu siku moja mmoja wetu atagusa dini, na afadhali aingie macho yakiwa wazi.

Kwa wewe ambaye hukuisoma, kisa ni hiki. Mtunzaji wa jumba la makumbusho la Louvre, Paris, anauawa usiku. Profesa Robert Langdon wa Harvard na mjukuu wa marehemu, Sophie, wanafuata alama alizoziacha. Alama zinawafikisha kwenye siri kubwa: eti Yesu alimwoa Maria Magdalena, wakapata mtoto, ukoo wao ukaendelea Ufaransa, na Kanisa likalificha jambo hilo kwa karne zote hizi. Siri inalindwa na chama kiitwacho Priory of Sion. Anayeua watu ili kuizima ni Silas, mtawa wa kiume mwenye ualbino, wa jumuiya ya Kikatoliki ya Opus Dei. Na Leonardo da Vinci naye, eti, aliichora siri hiyo katika picha ya Karamu ya Mwisho: yule kijana laini aliye kando ya Yesu si Yohana, ni Magdalena.

Sasa, hadithi ya namna hii ina haki ya kutungwa? Mimi nasema inayo. Wala Brown hakuwa wa kwanza kumpa Yesu mke katika hadithi. Nikos Kazantzakis, Mgiriki wa kisiwa cha Krete, alitoa Jaribu la Mwisho miaka ya 1950. Yesu wake yuko msalabani, anaona kama ndoto maisha ambayo angeyaishi: mke, watoto, nyumba, uzee wa amani. Kisha anazinduka, anayakataa maisha hayo, anakufa msalabani kwa kutaka mwenyewe. Ukiisoma bila hasira utaona ni kazi ya mtu aliyekesha na Mungu. Lakini mwaka 1954 Vatikani iliitia katika Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa, na Kanisa la Ugiriki nalo likataka mwandishi achukuliwe hatua. Kazantzakis alipeleka simu ya maandishi Vatikani akitumia maneno ya Tertullian, mwalimu wa Kanisa la kale wa Afrika ya Kaskazini, kwamba anakata rufani katika mahakama ya Bwana mwenyewe. Orodha ile ilifutwa mwaka 1966, yeye akiwa kaburini tangu 1957.

Martin Scorsese alipoifanya riwaya hiyo sinema mwaka 1988, moto ukawaka, tena moto wa kweli. Mwezi Agosti maelfu ya Wakristo waliandamana mbele ya ofisi za Universal huko California. Kiongozi mmoja wa kiinjili, Bill Bright, alitaka kuilipa kampuni gharama zake ili filamu iteketezwe. Oktoba ya mwaka huohuo, Paris, ukumbi wa sinema wa Saint-Michel ulichomwa na Wakatoliki wenye msimamo mkali usiku watu wakiwa ndani, na watu zaidi ya kumi wakaumia. Chile iliizuia filamu kwa miaka mingi, mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilipotoa hukumu mwaka 2001, na mwaka huohuo Chile ikabadilisha katiba yake kuondoa udhibiti wa filamu kabla ya kuonyeshwa. Hebu fikiria: riwaya ya Mgiriki inabadilisha katiba ya nchi iliyo upande wa pili wa dunia.

Nimeingiza habari ya Kazantzakis hapa kwa sababu inaisumbua hoja yangu. Filamu ya Scorsese ilifunguliwa na maelezo kwamba haikufuata Injili bali riwaya. Alisema waziwazi kuwa hii ni hadithi, na haikumsaidia kitu. Kwa hiyo anayesema kwamba ugomvi wote wa vitabu vya namna hii huisha mwandishi akiandika "haya ni ya kubuni" anajidanganya.

Ila ugomvi wa 1988 na ule wa miaka ya 2003 hadi 2006 haukuwa wa aina moja. Wale walioandamana dhidi ya Scorsese walikasirishwa na mtu kuthubutu kuwaza hivyo juu ya Yesu, na wengi wao walikuwa hawajaiona filamu. Kwa Brown mambo yaligeuka. Waumini wenyewe walikisoma kitabu, kwenye mabasi, kwenye ndege, kitandani, halafu Jumapili wakamwendea padre au mchungaji na swali moja: "Ni kweli?" Hiyo ndiyo tofauti. Mtu aliyekasirika unaweza kumtuliza. Aliyeuliza unatakiwa umjibu, na majibu yanataka usomaji.

Swali hilo lilitoka wapi? Lilitoka katika ukurasa mmoja tu, ulio mbele kabisa, kabla hadithi haijaanza. Pale Brown aliweka kichwa kinachosema kwamba yafuatayo ni ukweli. Akadai chama cha Priory of Sion kipo kweli na kilianzishwa mwaka 1099. Akaitaja Opus Dei na jengo lake la New York. Akamalizia kwa kudai kwamba maelezo yote ya sanaa, majengo, hati na ibada za siri yaliyomo ni sahihi. Soma tena hapo: hakudai kwamba ndoa ya Yesu ni kweli. Alikuwa mjanja. Alithibitisha ukuta na mlango, akamwachia msomaji mwenyewe aamini kwamba na chumba kipo.

Na ukuta wenyewe ulikuwa wa karatasi. Priory of Sion ilianzishwa mwaka 1956 na Mfaransa mmoja, Pierre Plantard, katika mji wa Annemasse karibu na mpaka wa Uswisi. Jina la Sion lilitokana na kilima cha jirani, si mlima wa Yerusalemu. Miaka ya 1960 yeye na wenzake walighushi hati, wakaziweka katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ili siku moja mtafiti "azigundue". Zikagunduliwa kweli. Mwaka 1982 waandishi watatu, Michael Baigent, Richard Leigh na Henry Lincoln, walitoa kitabu kiitwacho The Holy Blood and the Holy Grail, wakajenga juu yake habari nzima ya ukoo wa Yesu. Na Brown akachota humo. Tapeli mmoja aliyetaka kuonekana wa damu ya kifalme alighushi karatasi, na miaka arobaini baadaye askofu anaulizwa habari zake na mama wa kwaya!

Mambo mengine ya riwaya hiyo nayapitia haraka. Inadai kwamba Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ndio uliompigia Yesu kura akawa Mungu. Ubishi wa Nisea ulikuwa mkubwa, ndiyo, juu ya mafundisho ya Arius padre wa Aleksandria, kwamba Mwana ameumbwa. Lakini barua za Paulo, zilizoandikwa karne ya kwanza, zilikwisha kumwita Bwana na kumwomba. Wala mtaguso huo haukukaa kuchagua Injili zipi ziwemo na zipi zitupwe. Inadai pia kwamba hati za Bahari ya Chumvi zinaeleza maisha ya Yesu, na Yesu hatajwi humo hata mara moja. Injili ya Filipo, iliyopatikana Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, kweli inamwita Magdalena mwenza wa Yesu na kutaja busu. Lakini iliandikwa muda mrefu baada ya Yesu, nakala tuliyonayo ni ya Kikopti, na pale ambapo ingesema alibusiwa wapi, karatasi imetoboka. Riwaya imelijaza tundu hilo bila kumwambia msomaji kwamba lilikuwepo.

Basi viongozi wa dini walijibuje? Kila mmoja kwa njia yake, na njia hizo hazikufaa sawa.

Machi 2005 Kardinali Tarcisio Bertone, wakati huo askofu mkuu wa Genoa, alisema redioni watu wasikinunue wala wasikisome kitabu hicho. Miaka miwili ilikwisha kupita, mamilioni walikuwa wameshakisoma. Aprili 2006, filamu ikiwa inakaribia, Askofu Mkuu Angelo Amato wa ofisi ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani akataka Wakatoliki waisusie. Lebanoni ilikuwa imeshakipiga marufuku kitabu tangu 2004. Majimbo kadhaa ya India yaliizuia filamu, na bodi ya udhibiti ya nchi hiyo ikataka liwekwe tangazo kuwa ni ya kubuni. Baraza la jiji la Manila nalo likazuia. China iliiruhusu kisha ikaiondoa kumbini baada ya wiki chache. Pamoja na hayo filamu hiyo ya Ron Howard ilikusanya zaidi ya dola milioni 750 duniani. Mimi siamini ule usemi wa mtaani kwamba marufuku ndiyo iliyoiuza. Ingeuzika tu. Nisemalo ni kwamba marufuku haikujibu swali la yule mama wa kwaya.

Waliojibu ni walioketi wakasoma. Mwaka 2004 pekee vilitoka vitabu kadhaa vya kuipitia riwaya dai kwa dai. Wakatoliki waliandika, Waprotestanti wakaandika, na mojawapo ya vile vilivyoandikwa vizuri kilitoka kwa Bart Ehrman, mwanahistoria wa Agano Jipya ambaye hata imani yenyewe alikuwa ameshaiacha. Yeye hakuwa na Kanisa la kulitetea. Kilichomuuma ni historia kuchezewa. Na kanisa la Saint-Sulpice, Paris, lilifanya jambo ambalo nalipenda kuliko yote. Riwaya ilidai mstari wa shaba ulio sakafuni mwake ni mabaki ya hekalu la kipagani, na herufi P na S za madirishani ni za Priory of Sion. Watalii wakaja na vitabu mkononi, wakipiga magoti kukagua sakafu. Kanisa likabandika tangazo fupi, bila ya matusi: hapajawahi kuwa na hekalu hapa, mstari huu ni chombo cha elimu ya nyota cha karne ya 18, herufi ni za Petro na Sulpice, watakatifu wa kanisa hili. Basi. Karatasi moja ukutani ikaujibu ukurasa mmoja wa kitabu.

Opus Dei walikuwa na kazi ngumu zaidi. Jumuiya yao ilianzishwa Hispania mwaka 1928 na padre Josemaría Escrivá, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2002, miezi michache tu kabla riwaya haijatoka. Haina watawa kabisa. Wengi wa watu wake ni wa kawaida wenye kazi na familia. Hapa kwetu Afrika Mashariki aliyesoma Nairobi anaijua kwa sura nyingine kabisa, kwa vyuo vya Strathmore na Kianda, vyote vilivyoanza mwaka 1961. Walipoona wamefanywa genge la wauaji, hawakuandamana wala kushtaki. Waliiomba kampuni ya Sony iweke tangazo mwanzoni mwa filamu, wakakataliwa. Wakafungua milango kwa waandishi wa habari, wakajibu hata maswali ya aibu. Walikiri kwamba baadhi yao huvaa ukanda wenye miiba na kujichapa kama toba, lakini wakasema damu zile za Silas ni za sinema. Unaweza usiipende Opus Dei, na wako wengi wasioipenda, wakiwemo Wakatoliki. Ila kwa kujibu riwaya walionyesha akili.

Waanglikana wa Uingereza wao hata hawakukubaliana. Westminster Abbey ilikataa filamu isipigwe ndani yake, ikisema kitabu hakina msingi wa kiteolojia. Kanisa kuu la Lincoln likakubali, likapokea paundi 100,000, na mtawa mmoja wa kike akapiga magoti nje kwa saa kumi na mbili kupinga. Nikisoma habari hiyo nilijikuta naheshimu pande zote mbili: jengo la kale linataka ukarabati, na sista naye ana lake la kumwambia Mungu.

Kuna jambo moja lililonisumbua kuliko mtaguso wa Nisea. Katika vitabu vya majibu nilivyosoma mimi, kurasa na kurasa zinatumika kueleza kwamba Opus Dei haina watawa wavaao kanzu. Nilitafuta mahali mwandishi anauliza kwa nini muuaji apewe ngozi ile, sikupaona. Walionung'unika ni chama cha watu wenye ualbino cha Marekani, waliochoka kuona kila mwenye ualbino katika sinema ni mwovu. Sisi tunaoishi Tanzania, ambako tangu miaka ya 2000 watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa imani za kichawi, hatuwezi kuipita sura ya Silas kama kichekesho. Uongo juu ya mwaka 1099 haujamtoa mtu damu. Sura ya mwenye ualbino kama kiumbe wa kutisha, hiyo ni habari nyingine.

Mambo yakafika mahakamani, lakini si kwa mashtaka ya Kanisa! Mwaka 2006 Baigent na Leigh waliishitaki kampuni ya Random House katika Mahakama Kuu ya London, wakidai Brown aliiba mpango mzima wa kitabu chao. Brown mwenyewe alikuwa amewadokeza, maana mhusika wake aitwaye Leigh Teabing amechukua jina la mmoja na herufi za jina la mwingine zilizopanguliwa. Walishindwa, na rufani wakashindwa mwaka 2007. Kichekesho ni kwamba walikuwa wameuza kazi yao kama historia. Na historia, mwandishi mwenzangu, haina mwenyewe. Matukio na nadharia anaweza kuzichota yeyote, mradi asinakili maandishi. Laiti wangesema tangu mwanzo kwamba ukoo ule wameubuni, wangekuwa na kesi bora kidogo. Jaji Peter Smith naye akaingiwa na mdudu uleule: alificha fumbo la herufi ndani ya hukumu yake, wanasheria wakakaa kulifumbua.

Lakini hatujamaliza, kwa sababu bado hatujaeleza kwa nini wasomaji wengi hivyo, hasa wanawake, walitaka iwe kweli. Hapa lazima tumrudie Magdalena. Katika Injili ni mwanamke aliyetolewa pepo saba, aliyemfuata Yesu na kumsaidia kwa mali yake, aliyesimama msalabani, na katika Injili ya Yohana ndiye wa kwanza kumwona mfufuka na kutumwa kuwaambia wengine. Hakuna mstari unaosema alikuwa kahaba. Aliyemchanganya ni Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri ya mwaka 591, alipowafanya kuwa mtu mmoja Magdalena, Maria wa Bethania na yule mwenye dhambi asiye na jina wa Luka sura ya 7. Makanisa ya Mashariki hayakufuata. Magharibi yakafuata, na kwa zaidi ya miaka elfu moja michoro, nyimbo na mahubiri vikamlilia kahaba aliyetubu. Roma ilikuja kuwatenganisha katika kalenda ya mwaka 1969, kimyakimya, na mapadre wengi wakaendelea na mahubiri yao ya zamani kama kawaida.

Kwa hiyo Brown aliposema "wamekuficheni habari za mwanamke huyu", alikuwa anasema uongo juu ya ndoa na mtoto, lakini alikuwa amegonga mahali panapouma. Msomaji alihisi kwamba kuna kitu alinyimwa, na alikuwa kweli amenyimwa. Waliojibu vizuri zaidi ni wale waliolikubali hilo kwanza ndipo wakaanza kusahihisha tarehe. Waliorukia tarehe tu walishinda hoja, wakampoteza msomaji.

Tarehe 3 Juni 2016 Vatikani ilitoa agizo, kwa matakwa ya Papa Francis, kwamba kumbukumbu ya Maria Magdalena ya kila tarehe 22 Julai ipandishwe daraja na kuwa sikukuu, sawa na zile wanazofanyiwa mitume. Ndani yake anaitwa kwa jina la zamani, mtume wa mitume. Agizo hilo halikutaja riwaya yoyote.